Kabla ya kuiachia seva ijisasishe yenyewe

Anza na nakala rudufu, na usiridhike kwamba ipo: irejeshe. Tafuta kompyuta kuukuu, rejesha hifadhidata ndani yake, kisha fungua rekodi za juzi uone kama zinasomeka. Natunza seva ya zahanati ndogo hapa Kondele, Kisumu. Nilipofanya jaribio hilo nilikuta nakala za wiki tatu ni faili tupu. Diski ya nje ilijaa, skripti (faili la amri zinazojiendesha) ya kunakili ikaendelea kimya. Kumbukumbu za wagonjwa zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu, na mimi nilikuwa nalala usingizi. Tangu hapo skripti yangu ya kusasisha seva hupima ukubwa wa nakala kwanza. Ikiwa ndogo kuliko ya jana kwa kiasi kikubwa, husimama bila kugusa chochote.

Jambo la pili ni stima. Mvua ya huku huja na radi, na umeme hupotea ghafla. Ukipotea wakati dpkg, chombo cha Debian na Ubuntu cha kuweka programu, inaweka vifurushi, vingine hubaki nusunusu. Amri ya `dpkg --configure -a` huwa dawa mara nyingi, ila seva isipowaka vizuri itabidi mtu afike mbele ya mashine. Nunua UPS (betri ya akiba ya kompyuta), uchomoe waya ukutani uhesabu inadumu dakika ngapi. Ukitumia NUT, programu ya kufuatilia UPS, skripti iulize hali kwa `upsc`: `OL` maana yake stima ipo, `OB` maana yake betri imeshika kazi, basi iahirishe mpaka kesho.

Angalia saa pia, kwa `timedatectl`. Seva nyingi hufuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Ukiandika 2 kwenye cron (kipanga ratiba cha kazi za seva) ukikusudia saa nane usiku, kazi itaanza saa kumi na moja alfajiri, wauguzi wakijiandaa kubadilishana zamu.

Skripti inayokubali ukiiendesha kwa mkono huweza kugoma ndani ya crontab (ratiba ya cron) ya root, msimamizi mkuu wa seva, kwa sababu PATH ya huko, yaani orodha ya folda za kutafutia programu, ni fupi na dpkg haizioni programu za `/usr/sbin` na `/sbin`. Iandike PATH kamili juu kabisa. Weka `DEBIAN_FRONTEND=noninteractive` ili vifurushi visiulize maswali, lakini ongeza `--force-confold` (baki na faili la zamani), la sivyo dpkg itauliza kuhusu faili la mipangilio ulilolibadilisha na, kwa kuwa hakuna mtu wa kujibu, itakwama kwa kosa. Amri ya `flock` itazuia skripti mbili kukimbia pamoja.

Kwa masasisho ya usalama, naona unattended-upgrades, programu iliyopo tayari ya kuyaweka yenyewe, inatosha; usijiandikie yako. Hifadhidata nimeizuia kwa `apt-mark hold`, kwani kuisasisha huizima kidogo. Hiyo naifanya mwenyewe Jumapili, bila kuruka. Kuwasha seva upya vilevile: skripti ikiliona faili la `/var/run/reboot-required` hunitumia ujumbe tu.

Mwisho, chapisha amri za kurejesha nakala kwenye karatasi, uibandike kando ya seva, na umpe mtu wa pili ufunguo wa chumba.