Ukisoma kumbukumbu za maisha, shika kalamu mbili
Kwa mlioko chuo hapa Dodoma mnaosoma kumbukumbu za maisha (memoir, yaani kitabu ambacho mwandishi anasimulia maisha yake mwenyewe) kwenye kozi ya uandishi wa Kiingereza, shika kalamu mbili. Bluu pigia mstari anachokiona mwandishi akiwa bado mtoto wakati ule, nyekundu pigia anachokielewa mtu mzima anayeandika leo. Mfano "mama akasema ameshiba, nikamalizia ugali wa uwele na mlenda wote" hiyo bluu, "kumbe usiku ule alilala njaa" ndo nyekundu. Hoja ya insha yako itoe hapo katikati ya bluu na nyekundu, maana ukiishia kusimulia stori upya maksi zinaondoka hivi hivi. Ila kitabu kikiwa chote kwa sauti ya mtoto, nyekundu hutaiona kabisa, basi angalia mwandishi karuka nini.