Injini Inapumua? Pima Kwanza, Kufungua Baadaye

Hapa Tanga maneno "injini inapumua" yamefungulisha injini nyingi ambazo hazikuwa na haja ya kufunguliwa. Mtu anatoa kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, anaona kamoshi kanapanda, fundi anatikisa kichwa, hukumu imetoka: ringi zimekwisha, andaa hela. Huenda ni kweli. Lakini kila injini inapumua, hata iliyotoka kiwandani leo. Ringi ya pistoni, ile pete ya chuma inayoizunguka pistoni, haizibi kabisa. Petroli ikilipuka, gesi kidogo hupenya kati ya ringi na ukuta wa silinda na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Cha kuuliza ni gesi kiasi gani inashuka, na je, njia yake ya kutokea iko wazi?

Naongelea injini za petroli, hasa hizi Toyota tunazoziona kila siku barabarani: IST, Vitz, Premio, Noah. Nyingi zimepita kilomita laki mbili.

Hatua ya 1: Isome gari kabla ya kushika spana

Jaza oili hadi alama ya juu ya stiki, gari ikiwa imesimama pasawa, andika kilomita, tembea 1,000, pima tena. Toyota wenyewe kwenye vitabu vyao huruhusu oili ipungue hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Kwangu mimi huo ni uvumilivu wa kupitiliza. Ikifika nusu lita naanza kutafuta sababu.

Kisha angalia moshi, na hapa wakazi wa Tanga tuna bahati ya kuwa na mlima. Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto na moshi wa bluu unakufuata muda wote injini ikiwa imebeba mzigo, shuku ringi. Ukishuka kwa gia bila kukanyaga mafuta, halafu chini kabisa ukakanyaga na likatoka wingu moja la bluu, sili za valvu, zile raba zinazozuia oili isishuke kwenye valvu, ndizo za kwanza kushukiwa. Vivyo hivyo gari inayotoa moshi asubuhi ukiwasha, kisha inatulia. Sili za valvu hubadilishwa bila kugusa pistoni, kwa hiyo tofauti hii ni ya pesa nyingi.

Fungua na eya klina (chujio la hewa). Ukikuta bomba lake lina utando wa oili upande wa throto (mlango wa hewa ya injini), gesi imekuwa ikirudi kwa wingi huko. Utando mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili usikutishe peke yake: gari ya safari fupi, inayotoka Raskazone hadi sokoni na kurudi, haipati joto la kutosha kukausha unyevu. Ila maji ya rejeta yakiwa yanapungua, hapo habari ni nyingine: huenda maji yanaingia kwenye oili.

Hatua ya 2: PCV, kitu kidogo kinachosingiziwa ringi

PCV ni valvu ndogo, katika injini nyingi imechomekwa juu ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), na hosi yake inakwenda kwenye manifoldi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda). Kazi yake ni kuvuta zile gesi zikaungue tena. Ikiziba kwa masizi, presha inajikusanya ndani na kutafuta pa kutokea: sili ya kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), gasketi ya tapeti kava, hata tundu la stiki. Ukiona oili inachuruzika pale injini inapoungana na giaboksi, usikimbilie kubadilisha sili. Sili mpya itasukumwa vilevile.

Ichomoe, itikise sikioni. Nzima inagonga "tik tik". Irudishe kwenye hosi yake tu, washa injini, weka kidole mdomoni mwake: lazima usikie inavuta. Haivuti? Kagua hosi, mara nyingi imepasuka au imelainika hadi inajibana yenyewe. Valvu isafishe kwa dawa ya kabureta. Ikiendelea kunata, nunua nyingine, si kitu cha bei.

Sasa rudi kwenye kifuniko cha oili. Injini ikiwa ya moto na iko silensa (inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta), laza kipande cha karatasi ngumu juu ya tundu. Ikitulia au ikivutwa kidogo, mambo ni mazuri. Ikirushwa, endelea na hatua ya tatu.

Kuna mafundi wanaochomoa hosi ya PCV, wanaielekeza chini au kwenye chupa ya maji ya kunywa, na kumwambia mwenye gari "nimeitibu". Hiyo ni kuficha ugonjwa. Upande wa manifoldi ukiachwa wazi, unavuta hewa isiyopimwa na silensa inayumba. Wengine wanaziba kabisa, na hilo ni baya zaidi.

Hatua ya 3: Kompresheni

Usikubali injini ifunguliwe kabla ya kupima kompresheni, yaani presha inayojengwa ndani ya kila silinda. Injini iwe ya moto, betri imejaa. Toa plagi zote, si moja moja. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na soketi za koili. Funga geji kwenye tundu la kwanza, mtu akanyage mafuta hadi chini ili throto ifunguke yote, apige stata mpaka sindano iache kupanda. Andika. Nenda silinda inayofuata.

Usitazame namba kubwa tu, tazama tofauti. Kwa injini ya 1NZ-FE, iliyo kwenye IST nyingi, kipimo cha chini kabisa ni kama psi 156 (psi ni kipimo cha presha), na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Injini yenye 160 kote nne imechoka lakini itaendelea kukupeleka Korogwe. Yenye 190, 190, 120, 185 ina tatizo kwenye silinda moja.

Silinda iliyo chini, mwagia kijiko kimoja au viwili vya oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi: ringi au silinda imelika. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi (sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu).

Hatua ya 4: Upepo usikilizwe unatokea wapi

Hii mafundi wengi wanairuka. Weka pistoni ya silinda mbovu juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefunga, zuia kranki isizunguke, kisha ingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi. Ukisikika kwenye kifuniko cha oili, ni ringi. Kwenye bomba la moshi, valvu ya kutolea. Kwenye throto, valvu ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi au ufa.

Hatua ya 5: Tiba, kuanzia ya bei nafuu

Kwanza, huenda ringi zimeganda kwa masizi tu, bado hazijalika. Hili ni la kawaida kwa injini za 1ZZ-FE za mwanzo, zilizowekwa kwenye Allion na Premio nyingi: pistoni zake zilikuwa na vitundu vichache vya kurudishia oili, ringi ya oili ikaganda. Mimina dawa ya kulainisha masizi kwenye kila silinda, acha ilale usiku, zungusha kranki kwa mkono mara chache. Kabla ya kuwasha, funika matundu ya plagi kwa kitambaa na upige stata ili kilichobaki kitoke. Kimiminika kikibaki juu ya pistoni kinaweza kupinda koni rodi (mkono unaoshika pistoni). Mwaga oili yote na filta, maana dawa imeshuka kwenye sampu.

Oili nzito kama 20W-50 inapunguza moshi kwa muda, lakini VVT-i, mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka, inategemea oili kupita kwenye njia nyembamba. Kwa joto la huku mimi naishia 10W-40.

Ikibidi kufungua, dai vipimo. Ringi mpya ndani ya silinda iliyoliwa umbo la yai haitaziba kitu. Ringi isukumwe ndani ya silinda kwa pistoni ili ikae sawa, pengo lake lipimwe kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa silinda yenye kipenyo cha milimita 75 tegemea karibu milimita 0.30. Fundi asiye na fila geji, mpe mkono wa heri.

Injini ya mtumba huwa nafuu kuliko kuchonga silinda upya, ila nayo ipimwe kompresheni kabla hujalipa. Na namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha, karekebishe kadi TRA.

Injini iliyofungwa upya usiiache silensa nusu saa eti "izoee". Ringi hukaa kwa mzigo. Nenda nayo Muheza, kanyaga na kuachia, usishikilie mwendo mmoja, usiifikishe mwisho, kisha mwaga oili kwenye kilomita 500.