Bei ya unga ikibadilika, tovuti zote zijue: mlisho wa RSS kutoka Lubumbashi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana anayesimamia tovuti ya ushirika wa wauza unga wa mahindi, komini ya Kenya hapa Lubumbashi. Malori yakikwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, bei hupanda haraka. Redio na parokia zilikuwa zinanakili bei kwa mkono, na mama anayetafuta unga wa bukari (ugali) akikuta bei ya juzi. Dawa yake ni mlisho: faili kwenye tovuti yako ambayo tovuti na programu nyingine huisoma zenyewe kupata habari mpya. RSS na Atom ni miundo miwili ya kuiandika.

Hatua ya 1: muundo. Ukiwa na uhuru, chagua Atom. Tarehe yake huandikwa kwa tarakimu, haina jina la mwezi la kukusumbua. Hapa redio mbili zilikuwa na programu zinazosoma RSS 2.0 peke yake, basi tukaitumia hiyo.

Hatua ya 2: faili. Wenye tovuti ya WordPress wanao mlisho tayari: ongeza /feed/ mwisho wa anwani. Wengine, msimbo mfupi wa PHP, lugha ya kuandikia programu za seva, unatosha.

Hatua ya 3: tarehe. Hapa usiharakishe. RSS 2.0 inadai pubDate, yaani tarehe ya kutolewa kwa habari, iandikwe hivi:

Tue, 04 Jun 2024 06:30:00 +0200

Majina ya siku na miezi ni ya Kiingereza, hata kama tovuti nzima ni ya Kiswahili. Seva ikiwa imewekwa Kifaransa, msimbo unaofuata lugha yake hutoa "mar. 04 juin". Ukifungua faili kwenye kivinjari huoni kasoro yoyote. Lakini kule redioni, programu moja itaiona bei kama haina tarehe na kuizika chini ya orodha; nyingine itaipa saa ilipoisoma, na bei ya wiki jana ipande juu kama ya leo. Kosa hili lilitupotezea saa nyingi kwa sababu halitoi onyo lolote. Tumia date(DATE_RSS), ambayo hutoa Kiingereza siku zote. Achana na strftime: hufuata lugha ya seva, na tangu PHP 8.1 watengenezaji wa PHP wenyewe wanashauri isitumike.

Kisha saa. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC, saa ya kimataifa, Kinshasa saa moja. Ukiandika kwa mkono saa ya huku na kuibandika +0100, tangazo la saa 12 na nusu asubuhi litahesabiwa kuwa la saa 1 na nusu, na baadhi ya tovuti huficha habari ambayo saa yake haijafika. Weka Africa/Lubumbashi kwenye PHP, halafu mashine iandike tofauti hiyo yenyewe.

Hatua ya 4: guid. Kila bei mpya ipate guid yake, yaani kitambulisho chake cha pekee, na isibadilike kamwe, hata ukisahihisha kichwa cha habari. Ikibadilika, waliojiandikisha watapokea habari ileile mara mbili.

Hatua ya 5: kusukuma. Mpaka hapa tovuti nyingine zinakuja kuuliza zenyewe. WebSub, kiwango cha W3C (shirika la viwango vya wavuti) tangu 2018, hugeuza mambo: mlisho unataja kitovu (hub), seva ya katikati, tovuti zinajiandikisha huko, nawe ukibadilisha bei unakijulisha kitovu tu, nacho kinazipelekea zote. Anwani ya "self" ndani ya mlisho, yaani anwani ya mlisho wenyewe, ilingane herufi kwa herufi na ile unayokipa kitovu. Http na https ni anwani mbili.

Hatua ya 6: kupima. Pitisha mlisho kwenye kikaguzi cha validator.w3.org/feed. Pia washa ETag, alama ya toleo la faili ambayo seva hutuma, ili tovuti inayouliza wakati bei haijabadilika ijibiwe 304 (hakuna jipya) bila kula mega za kupakua faili nzima.