Ukiambiwa "Huyu Hatatembea": La Kufanya Ukishatoka kwa Daktari

Maneno yenyewe huwa mafupi. "Huyu hatatembea." "Hataelewa kitu." "Mzoee tu alivyo." Mzazi hutoka na mtoto begani, akapanda tuktuk, na akifika nyumbani hakumbuki lingine aliloambiwa. Tutazungumzia zaidi mtindio wa ubongo, yaani ubongo mchanga ulioumia ukashindwa kuongoza misuli vizuri, maana ndio unaotolewa utabiri mkali mapema kuliko hali nyingi.

Kazi ya kwanza ni daftari. Kabla hujalala siku hiyo, andika yote uliyosikia, kisha yagawe mafungu matatu. Fungu la hali: kilichoonekana au kupimwa, kama vile shingo haijakaza, misuli ni migumu, ana kifafa. Fungu la makisio: yatakayokuwa miaka ijayo. Fungu la ushauri: dawa, mazoezi, siku ya kurudi. Mara nyingi la makisio limejaa na la ushauri ni tupu. Hali usibishane nayo, maana kuikana humchelewesha mtoto. Rudi ukadai lile fungu tupu.

Ukirudi, nenda na mtu mmoja wa nyumbani wa kusikiliza, na maswali yaliyoandikwa. "Samahani daktari, ni kipimo gani kilichoonyesha kwamba hataelewa?" "Yuko ngazi ya ngapi ya mwendo?" (Zipo 5, ya 1 hutembea mwenyewe, ya 5 hubebwa au husukumwa kwa kiti. Namba hiyo ina habari nyingi kuliko neno "hatatembea".) "Tukija baada ya miezi mitatu, tutaangalia nini?" Tabibu mzuri hachukizwi na maswali haya. Akichukizwa, andika tarehe na uombe kuonwa na mwingine. Hapa Mombasa, Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, wengi tukiiita Makadara, ina wataalamu wa mazoezi ya viungo, na hao ndio watakaomshika mtoto kwa mikono yao.

Umri nao una maneno yake. Kabla ya miaka 2, ngazi hiyo hubadilika mara nyingi, kwa hivyo utabiri wa mtoto wa miezi minane uupokee kwa tahadhari. Mtoto anayekaa bila kushikwa akifika miaka 2 ana nafasi nzuri ya kutembea kwa namna fulani, hata kwa magongo. Aliyefika miaka 4 hajakaa, ni nadra atembee bila msaada, na anayekuahidi kinyume chake kwa pesa anakuuzia upepo. Lakini miguu ni jambo moja. Akili, mazungumzo, shule na urafiki havisubiri miguu.

Hapo ndipo tunapotaka mzazi akae sana. "Hana akili" husemwa ovyo juu ya mtoto ambaye kinywa na mikono havimtii. Kwanza dai masikio na macho yapimwe. Manjano ya kuzaliwa nayo yakizidi mno huharibu sehemu za ubongo zinazoongoza misuli, na mara nyingi njia ya kusikia pia. Mtoto wa namna hiyo hujinyonganyonga, hageuki akiitwa, na watu hukata shauri kwamba haelewi, kumbe hasikii.

Kisha mfundishe kuchagua. Mkalishe vizuri, shika vitu viwili usawa wa macho yake, umbali wa mkono mmoja: kikombe upande huu, mpira upande ule. Taja kila kimoja, uliza "Wataka kipi?", halafu nyamaza. Hesabu moyoni hadi 10, polepole. Mtoto huyu huchelewa kujibu kwa sababu ujumbe huchukua muda kufika misulini, na kosa kubwa la nyumbani ni kurudia swali kabla hajamaliza kulijibu la kwanza. Akikitazama kimoja, mpe hicho papo hapo, hata kama unajua alitaka kingine. Ndipo ajifunze kwamba macho yake yana nguvu. Badilisha pande, usije ukadhani anachagua kumbe anapenda kutazama kulia tu. Mara tano kwa siku, wakati wa chakula na kuoga, zatosha.

Maendeleo ya mtoto huyu ni madogo kiasi kwamba anayeishi naye hayaoni. Ndiyo maana matumaini yasiyopimwa huisha. Chagua lengo moja kwa wiki 12, na liwe la kuhesabika: "kukaa sekunde 10 juu ya mkeka bila kushikwa", si "awe na nguvu". Kila Ijumaa, saa ile ile, akiwa ameshiba kidogo na ameamka vizuri, mjaribu mara tatu kwa saa ya simu na uandike iliyo bora. Piga video ya sekunde 30 kutoka upande ule ule. Ukipima siku moja ana homa na nyingine ametoka usingizini, namba zitakudanganya. Wiki 12 zikipita bila mabadiliko, lengo lilikuwa kubwa, likate nusu. Daftari hilo na video hizo ndivyo humfanya mtaalamu abadili kauli.

Mazoezi yaingie katika kazi za siku. Akiwa kifudifudi, kunja leso mbili ziwe mviringo na uziweke chini ya kifua ili ainue kichwa, dakika tano, mara kadhaa kwa siku. Akikaa, nyonga, magoti na vifundo vikunjike pembe mraba, nyayo zifike chini. Miguu ikikatana kama mkasi, tia mto mdogo baina ya mapaja. Mdogo asiyeweza kukaa, beseni la kufulia lililozungushiwa leso humshika vizuri. Usivute kiungo kwa nguvu. Akilia kila unapofungua mapaja kumbadilisha nepi, nyonga huenda inatoka mahali pake: omba eksirei. Asiyetembea, eksirei ya nyonga ianze karibu na miaka 2 na irudiwe kila miezi 6 hadi 12.

Chakula: mtoto asilishwe akiwa amelala au kichwa kimeinama nyuma. Wima, kidevu chini kidogo, kijiko kifupi kije kutoka mbele. Uji uwe mzito wa kudondoka vipande, maana majimaji hukimbilia njia ya pumzi. Kikohozi wakati wa kula, sauti ya majimaji, na vichomi vya kila mara ni dalili za kumrudisha hospitali. Mpime uzito kila mwezi. Mwenye njaa hajifunzi.

Kwa kuwa majimaji humpalia, wazee wakileta kombe (maji yaliyooshewa aya za Kurani ili anywe), usiwavunjie heshima: ombeni apakwe, au apewe matone kwa kijiko akiwa wima. Dua isomwe. Dawa ya kifafa isikatizwe ghafla hata siku moja, kwani kuikatiza kwaweza kuleta kifafa kisichokoma.

Makaratasi yafanye mapema: cheti cha kuzaliwa, fomu ya tathmini ya ulemavu kutoka hospitali ya umma, kisha usajili kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Kwa shule, nenda kituo cha tathmini ya elimu, kile kinachoitwa EARC. Huko huangaliwa mtoto anahitaji nini ili asome. Mjini kuna Port Reitz na Tom Mboya kwa wenye ulemavu wa viungo na mtindio wa ubongo. Mwalimu mkuu wa shule ya karibu akikukatalia, muombe kwa adabu akuandikie sababu na kuitia sahihi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na cha 54 kinamtaja mwenye ulemavu waziwazi. Ukilipata karatasi hilo, lipeleke EARC. Mara nyingi halitoki, na nafasi hupatikana.

Ikiwa nyumbani bado kuna anayesema mtoto huyu hana kazi duniani, mchukue siku moja mpaka karakana za Bombolulu, upande wa pili wa daraja la Nyali. Karakana zile zilianzishwa 1969, na wanaotengeneza vidani na mifuko pale ni watu wazima wenye ulemavu. Usimwambie kitu. Nenda na mtoto, mkanunue kitu kidogo.