SOMO: Kuweka dhahabu kwenye kadi kwa pasi ya nyumbani

Wadau salama? Desemba hapa Moshi ni kipaimara na harusi kila kona, na kadi nzuri zinakula hela ambayo ingenunua mchele. Mi nakuonyesha ninavyofanya za kwangu, jina linang'aa dhahabu na kazi yote ni pasi.

Kwanza elewa tona maana hapo ndo watu wanapoharibikiwa. Tona ni unga wenye plastiki, mashine ya leza inauyeyusha kwa joto ndo unashika karatasi, sasa ukiupasha moto tena unalegea unanata, na ukiwa umelaza foili ya tona juu yake (ile karatasi laini ya plastiki yenye rangi ya dhahabu) foili inashika herufi tu, karatasi inabaki kama ilivyo. Wino wa injeti (printa ya wino wa majimaji) haunati hata upige pasi mpaka kesho. Mi nilishapoteza kadi 60 za mdogo wangu, steshenari walizitoa kwa injeti na mi sikuuliza, iliniuma sana. Kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Mashine kubwa za fotokopi nazo kwa kawaida ni za tona, kwa hiyo unaweza kutoa kopi moja safi halafu ukafotokopi zilizobaki kwenye manila laini ya gramu 200 hivi, A4 moja inatoa kadi nne.

Hatua ya 1: Jina liandikwe herufi nene, nyeusi tii. Vimwandiko vyembamba vya kujipindapinda vinakatika.

Hatua ya 2: Kata foili. Usifunike kadi nzima! Kata kipande cha kutosha jina tu, sentimita 10 kwa 2, A4 moja ya foili inakupa vipande 28. Maandishi mengine yanabaki meusi na ndo uzuri wenyewe, kadi ikiwa dhahabu yote jina halionekani.

Hatua ya 3: Laza kipande, upande wenye rangi uangalie juu, ule uliofifia ulale kwenye tona. Funika na karatasi ya kuokea keki.

Hatua ya 4: Pasi bila maji wala mvuke, joto la pamba, juu ya meza ngumu (sio kitandani, panabonyea). Gandamiza kwa nguvu ya bega kama sekunde 15, usisugue kama unanyoosha shati maana foili itahama.

Hatua ya 5: Acha ipoe kabisa. Ukiigusa ukaona bado ina uvuguvugu, subiri tena, halafu bandua taratibu ukianzia kwenye kona. Ukibandua ya moto dhahabu inaondoka na foili.

Ukingoni mi huwa nabandika utepe wa kitenge, vipande naomba kwa mafundi cherehani, wengi wanavitupa. Tumia gundi ya tepu ya pande mbili, ile ya maji inakunja kadi.

MASWALI

Dada wa Njiro: Foili ya jikoni inafaa?
Jibu: Hapana dada, ile ni alumini tupu, haina rangi ya kuachia. Ulizia foili ya tona.

Mdau wa Majengo: Yangu imetoka na mabaka, nimeharibu?
Jibu: Bado kaka. Rudishia foili palepale upige pasi tena, uongeze kugandamiza. Kama karatasi yako ina vinyweleo vinyweleo, badilisha, foili haifiki kwenye vishimo.

Mama wa Sakina: Kadi yangu ina maua ya rangi, foili haitashika na maua?
Jibu: Kama maua yametoka kwa leza itashika mama, tona ya rangi nayo ni tona. Ndo maana nasema kata kipande kidogo, kisifike kwenye ua.

Mama wa Sakina: Na majina ya wageni je, nao niwapigie foili?
Jibu: Hayo andika kwa mkono mama, kalamu nyeusi. Mtu akiona "Baba na Mama Neema" kwa mwandiko wako anajua umemkumbuka. Foili labda uweke kwenye neno SINGO au DABO, mlangoni wanalisoma haraka.