Namna ya Kuonja Bia za Laga na za Kijerumani Ukiwa Malindi

Katika baa nyingi za Malindi, swali la kwanza la mhudumu ni moja: baridi au moto? Kwa jua la hapa wengi hujibu baridi, na chupa huletwa ikiwa karibu kuganda. Bia ya namna hiyo hukata kiu barabara, lakini haionjeki, kwa sababu baridi kali hutia ulimi ganzi na kuifungia harufu ndani ya kinywaji. Anayetaka kuzijua laga za viwanda vidogo vya Nairobi, au bia za Kijerumani zinazopatikana katika baadhi ya maduka ya vinywaji, inambidi kwanza ajifunze kuitawala baridi hiyo.

Laga yenyewe hutengenezwa kwa baridi. Hamira yake huchachusha polepole, katika joto la takriban nyuzi 7 hadi 13 za Selsiasi, kisha bia huachwa wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri hadi itulie na kutakata. Mtu wa Pwani ana njia nzuri ya kuielewa kazi hiyo, maana tembo la mnazi hufuata mkondo wa kinyume: utomvu unaogemwa huanza kuchacha ukiwa bado juu ya mnazi, na tembo lililokuwa tamu asubuhi huwa kali ifikapo jioni. Katika tembo, hamira na vijidudu vya hewani huacha ladha zao waziwazi. Katika laga, mtengenezaji hutaka hamira isisikike, ili kimea cha shayiri na uchungu wa hopsi, yaani maua yanayotiwa kwenye bia kuipa uchungu na harufu, vibaki peke yao. Ndiyo sababu naiheshimu laga iliyotengenezwa vizuri kuliko bia nyingi zinazojazwa matunda na viungo: haina pa kuficha kasoro.

Kwa kikao kimoja chagua bia tatu, na kila moja uimimine kiasi cha mililita 100 hivi. Kipimo kidogo kina maana hapa, kwani Tusker ya kawaida ina asilimia 4.2 ya kileo, ilhali Bock, laga nzito ya Kijerumani, hufika asilimia 6 au 7, na anayerudi nyumbani kwa pikipiki hafai kuwa ndiye anayeonja. Keti mahali pasipo upepo, kwa sababu upepo wa kusi hupeperusha harufu kabla haijafika puani, na ujiepushe na chumba kilichofukizwa udi. Jua nalo ni adui wa kweli. Mwanga huvunja vitu vichungu vya hopsi, na bia iliyoachwa juani kwenye glasi huweza kuanza kunuka kicheche baada ya dakika chache tu. Chupa ya kahawia huizuia hali hiyo vizuri. Ya kijani huizuia kidogo, na isiyo na rangi haisaidii.

Glasi ioshwe, kisha isuuzwe kwa maji safi ya kunywa mpaka sabuni iishe, wala isifutwe kwa kitambaa chenye mafuta. Maji ya kisima yenye chumvi yasitumike kwa suuzo la mwisho. Ukimimina ukaona vipovu vimeng'ang'ania ukuta wa glasi badala ya kupanda juu, jua kwamba glasi ina uchafu, na povu halitadumu.

Itoe chupa kwenye friji kama dakika 10 kabla ya kuonja. Pilsner na Helles, ambazo ni laga za rangi ya dhahabu, husikika vyema kati ya nyuzi 6 na 8, na bia nyeusi au nzito zinaweza kufika nyuzi 10 au 12. Inamisha glasi, mimina taratibu, kisha isimamishe umalizie kwa kumimina katikati ili povu lipande kama vidole viwili. Itazame rangi, halafu nusa kwa pumzi fupi fupi. Piga funda moja la wastani, lizungushe mdomoni, limeze, kisha toa pumzi puani huku mdomo umefungwa. Hapo ndipo harufu nyingi hujitokeza. Usiteme kama waonjaji wa mvinyo, kwa sababu uchungu wa hopsi huendelea kusikika baada ya kumeza. Ngoja dakika 5, onja tena. Katika joto la Malindi glasi ile ile itakuwa imebadilika, na mabadiliko hayo ndiyo somo kubwa la kikao kizima.

Anza na Pilsner, kwa maana ya aina ya bia na si chapa inayouzwa Kenya. Aina hiyo ilianza mwaka 1842 katika mji wa Plzeň, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, pale Josef Groll kutoka Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, alipotumia maji laini, kimea cheupe na hopsi za Saaz. Pilsner ya Kijerumani ni kavu zaidi, yaani haina utamu mwingi, na uchungu wake hukaa. Fuatisha Helles, ambayo kiwanda cha Spaten cha mji wa München kiliitoa mwaka 1894. Humo utafute utamu mwepesi wa mkate mweupe, na uchungu uwe nyuma. Kisha Dunkel, laga ya rangi nyeusi, yenye ladha ya ganda la mkate uliookwa sana. Rauchbier ya mji wa Bamberg, Ujerumani, ambayo kimea chake hukaushwa kwa moshi wa kuni, iache kwa siku nyingine, kwani moshi wake hufunika kila kitakachoifuata.

Weissbier si laga, lakini hakuna bia ya Kijerumani inayomfaa zaidi mwonjaji wa Pwani. Kwa desturi angalau nusu ya kimea chake ni ngano, na ina harufu ya ndizi na karafuu. Hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa humo. Sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 iliruhusu shayiri, hopsi na maji tu katika bia, na ingawa bia ya ngano ilipata ruhusa yake ya pekee, viungo havikuingia. Harufu zote mbili hutoka kwa hamira. Acha bia kidogo chini ya chupa, itikise ili machicha ya hamira yaliyotuama yachanganyike, umalizie kwa kuyamimina.

Kasoro nazo zinajifunzika. Harufu ya siagi huonyesha kwamba bia iliondolewa kwenye hamira mapema, na ya mahindi ya kuchemsha hutokana mara nyingi na uchemshaji hafifu. Ya kadibodi iliyoloa ndiyo ya kuwinda hapa kwetu, kwa kuwa huletwa na hewa na kuharakishwa na joto, na bia ya kutoka Nairobi husafiri yapata kilomita 600 kabla ya kukaa stoo. Nunua chupa mbili zenye tarehe moja, weka moja kwenye friji na nyingine kabatini kwa mwezi, kisha uzipoze zote na kuzionja pamoja. Ukishaisikia tofauti hutakosa kuitambua tena, na utaanza kusoma tarehe kabla ya kulipa na kumuuliza muuzaji alikoihifadhi.

Chakula kije baada ya kuonja, si kabla. Pilsner hukata mafuta ya kamba wa kukaanga na viazi karai, Weissbier hupatana na samaki wa kupaka kwa tui, na Dunkel na mishkaki iliyoungua kidogo pembeni. Pilipili ipunguzwe, kwani huongeza ukali wa uchungu wa hopsi.