Namna ya Kumshawishi Mwanamume Apime Afya Angali Mzima

Mwanamke mjamzito hupimwa shinikizo la damu karibu kila anapohudhuria kliniki, hivyo mama wa watoto watatu ameshafungwa kile kitambaa cha mkononi mara nyingi. Mumewe anaweza kufikisha miaka 50 bila kufungwa hata mara moja, kwa sababu hakuna kinachompeleka zahanati isipokuwa homa au ajali. Ukitaka kumsaidia mume, baba au kaka yako, mtafutie kwanza sababu ya kwenda.

Usimwambie tu "nenda ukapime afya". Asiyejua atapimwa nini huhofia kupimwa kila kitu. Mtajie kipimo kimoja, siku moja na mtu atakayefuatana naye. Shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita presha, ndilo linalofaa kutangulia, kwa kuwa kipimo chake hakina sindano na humalizika kwa dakika chache. Tena mtu huweza kuishi nalo miaka mingi bila kuumwa popote, huku likiharibu figo, moyo na mishipa ya ubongo, hadi siku anapoanguka kwa kiharusi.

Kwa dereva wa bodaboda au fundi ujenzi, asubuhi moja ya kukaa foleni ni pesa ya chakula cha nyumbani. Usimlaumu. Chagua siku ambayo kazi yake huwa ndogo, afike mapema, na aende kituo cha karibu badala ya hospitali kubwa. Mke akiwa mjamzito, siku ambayo baba huombwa kufuatana naye kliniki ni nafasi nzuri ya kumwomba muuguzi awapime presha wote wawili.

Kipimo kikichukuliwa vibaya hutoa majibu yasiyo ya kweli. Kwa nusu saa kabla ya kupimwa asivute sigara, asinywe kahawa wala kufanya kazi nzito. Aende haja ndogo, kisha akae dakika 5 akiwa ameegemea kiti, nyayo zikikanyaga chini bila kukunja nne, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo, na asizungumze. Kitambaa kifungwe juu ya ngozi, wala si juu ya shati, na apimwe mara mbili kwa kupishanisha dakika moja au mbili.

Namba zote ziandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Zikiwa chini ya 120/80, yaani namba ya juu chini ya 120 na ya chini pungufu ya 80, arudi baada ya mwaka. Zikifika 140/90, arudi siku nyingine kupimwa tena kabla ya kuitwa mgonjwa, kwani hofu peke yake hupandisha presha. Zikifika 180/120, asiondoke bila kuonwa na daktari. Akianzishiwa dawa, aelezwe mbele ya mtu wa nyumbani kwamba dawa ndizo zinazoishusha presha, na kwamba akiziacha kwa kujiona amepona itapanda tena. Siku nyingine aende bila kula tangu usiku, apimwe na sukari.

Suala la kupima saratani ya tezi dume, tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu cha mkojo, linahitaji upole zaidi, kwa sababu utani wa vijiweni kuhusu kidole ambacho daktari huipapasia tezi hiyo kupitia njia ya haja kubwa umewakimbiza wanaume wengi. Mweleze kwamba uchunguzi unaweza kuanza na kipimo cha damu kiitwacho PSA. Wakati wa kulizungumza na daktari ni kuanzia miaka 50, au mapema zaidi, kama miaka 45, ikiwa baba au ndugu yake wa damu aliwahi kupata saratani hiyo. Nasi wenye asili ya Afrika tumo katika hatari kubwa kuliko wengi. PSA ikipanda si lazima iwe saratani, kwani tezi iliyotanuka kwa umri, maambukizi ya njia ya mkojo, hata tendo la ndoa la jana yake, huweza kuipandisha, kwa hiyo ajizuie siku mbili kabla. Binafsi naona ni heri aambiwe haya na mwanamume mwenzake aliyekwisha kupimwa, awe mjomba, shemeji au rafiki wa msikitini au kanisani, kuliko kuyasoma kwenye bango la ukutani.

Kabla hamjaondoka, mwulizeni muuguzi tarehe ya kurudi, muiandike kwenye kalenda ya nyumbani, palepale zinapoandikwa tarehe za chanjo za mtoto.